Piloti na Mashini Zake Mbili

Nianze na upumbavu wangu, asije mtu mwingine akausimulia vibaya. Niliiba mezani kwetu mashini ya Piloti ya kuonyesha njia, nikaipeleka shuleni ndani ya mfuko wa mkate, na kabla ya kengele ya mapumziko nilikuwa nimeiambia kwamba kiwanja cha ndege cha Nchelenge kiko kwenye choo cha hedimasta.

Sikuteleza kidole. Mashini yenyewe iliniuliza kwa adabu kama kweli nataka kufuta pahali pa zamani na kuweka papya, nami nikajibu ndiyo. Rafiki zangu wawili walikuwa wamesimama nyuma ya choo wameuma kola za mashati wasicheke kwa sauti. Niliona sijawahi kufanya kitu kizuri kama kile. Niliendelea kuona hivyo kwa siku mbili nzima.

Sasa Piloti. Alikuwa mpangaji wetu. Alilala chumba cha mbele miaka sita, nyuma ya soko la Kashikishi, katika nyumba ambayo mama yangu alianika samaki mbele na kunitukana nyuma. Watu walimwita Piloti tu, na wenye adabu ya Kibemba wakasema ba Piloti. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitaeleza, maana sokoni kuna majibu manne na yote yamewahi kupiganiwa. Kazi yake ilikuwa kurusha ndege ndogo ya viti vinne, mali ya shirika moja la madawa lenye ofisi mbali, kule Copperbelt kwenye migodi. Alipeleka chanjo kwenye vituo vya mbali na kurudi na wagonjwa ambao barabara ingewamaliza.

Alikuwa mfupi. Aliendesha ndege akiwa ameketi juu ya mto alioshonewa na mama kwa gunia la unga, na ukiuangalia mto ule kwa nyuma ulikuwa bado unatangaza kilo ishirini na tano. Aliutembeza kwapani mchana kutwa kama mchungaji na Biblia yake. Wageni walidhani ni mtu mwenye ugonjwa wa makalio.

Uzito aliuheshimu kuliko Mungu, na Mungu alimheshimu sana. Hakuna mtu aliyepanda ndege yake bila kupimwa, na mizani ya kupimia watu hakuwa nayo, kwa hiyo aliazima ile ya magunia ya samaki pale sokoni. Walimu, manesi, hata mkubwa mmoja wa wilaya, wote walisimama juu ya bati lenye magamba huku wauza samaki wakisoma kilo kwa sauti. Kuna mama mmoja mwenye mwili, mke wa mtu wa serikali, aliyekataa katakata. Alisema yeye si kambale. Piloti hakubishana. Alimwambia hakuna shida mama, nitapunguza petroli, sasa chagua tu tuishie wapi. Yule mama akapanda mizani. Aliposhuka alinuka samaki mpaka kiti cha nyuma.

Alikuwa mkweli mpaka anaudhi. Ukimwonyesha daftari la hesabu atakuambia mbele ya wageni kwamba wewe ni mbumbumbu. Lakini abiria aliwadanganya wote, kila siku, bila haya. Kila safari kwake ilikuwa dakika ishirini. Kaputa dakika ishirini. Mansa dakika ishirini. Nilimuuliza kwa nini, akasema mtu anaweza kuvumilia kitu chochote dakika ishirini, na zikiisha atakuwa ameshazoea, ataanza nyingine.

Aliogopa maji. Hili watu wa ziwa hawakumsamehe. Anapita juu ya ziwa Mweru kila wiki, lakini umweke kwenye mtumbwi mita kumi kutoka ufukweni anakuwa mtoto. Siku tuliyokwenda msiba kisiwani alishika kingo zote mbili za mtumbwi, macho yamefumbwa, jasho linadondoka puani. Mpiga kasia, kijana wa Kabuta mwenye mdomo, akamuuliza kule juu huwa anashika nini.

“Kule nashika usukani,” Piloti akasema bila kufumbua macho. “Hapa niko namushika Mungu na weye, na weye sikuamini.”

Injini aliitukana kwa Kifaransa na kuiomba msamaha kwa Kiswahili. Samaki alimla kuanzia mkiani. Baiskeli alikuwa nayo ila hakujua kuipanda, aliisukuma tu, imebeba mkebe wa mafuta na ule mto. Mimi nilimcheka kwa mambo hayo yote usoni pake, na alinikubalia. Alisema nyumba bila mutu wa kuchekesha ni kama redio bila betri. Nilikuwa napenda kusikia hivyo. Mama alikuwa hapendi.

Jinsi alivyojua njia, hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Ramani alikuwa nayo, ya zamani, imekunjwa mpaka mikunjo imekula miji. Hakuitazama sana. Alisoma ufuko. Hapa kwetu chisense, wale samaki wadogo kama kucha, wanaanikwa chini, juu ya mchanga, na kila kijiji kina vitanda vyake. Kutoka juu vinametameta kama vioo. Piloti alivijua vyote kwa umbo. Kile kirefu kilichopinda ni Kabuta. Vile viwili vya pembe nne ni kwa fulani na dada yake, wasiosalimiana, ndiyo maana kuna nafasi katikati. Jumapili wanawake hawaaniki, kwa hiyo Jumapili hakupenda kuruka. Wakati uvuvi unapofungwa na serikali, ufuko unakuwa wa rangi moja, na Piloti alirudi nyumbani akiwa amechoka kama aliyesoma kitabu kisicho na herufi.

Lakini mwaka ule vita vya ng'ambo ya ziwa vilikuwa vimeanza upya. Mama anatoka ng'ambo, kwa hiyo nyumbani hatukuviongelea, tulipunguza tu sauti ya redio. Mpaka uko katikati ya ziwa na haujaandikwa juu ya maji. Mtumbwi mmoja ulirudi na matundu ya risasi na hakuna aliyejua kama waliukosea au waliulenga. Halafu ikaja miezi ya moshi, kabla ya mvua, watu wanapochoma mashamba. Moshi unashuka juu ya ziwa, ziwa linakuwa jeupe, mbingu inakuwa nyeupe, na katikati hakuna mstari. Piloti alisema ni kama kuruka ndani ya bakuli la uji. Ukipinda vibaya dakika chache tu uko kwa wenye bunduki, na wao hawasomi kilichoandikwa kwenye bawa.

Ndipo ofisi ikamletea mashini mbili za kujaribu. GPS. Sokoni wakaziita jipiesi, kama jina la msichana. Ni kifaa kinachosikiliza setilaiti na kukuambia uko wapi duniani, kwa namba, na ukikipa namba za unakokwenda kinakuonyesha mshale. Ofisi ilisema azitumie mwezi mmoja, achague moja, aandike barua, nyingine irudishwe.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kutia mfukoni, imetengenezwa kwa wenye maboti na watembea porini. Betri nne, na zinakaa. Inakupa mshale na umbali, basi. Kila pahali unapaingiza wewe mwenyewe, namba kwa namba, kwa vitufe vigumu. Ya pili ilikuwa kubwa, ya ndege hasa, yenye mkono wa kuifunga kwenye usukani. Hiyo inachora ramani na ndege yako katikati inatembea. Inajua viwanja vya Afrika nzima, ila vya kwetu haikujua hata kimoja, na ziwa Mweru ililichora kama kiazi kitamu. Betri sita zinakufa kabla ya chakula cha mchana.

Mtu mwingine angechagua kwa jioni moja. Piloti alizipima kama mahari. Tarehe witiri aliruka na ndogo, tarehe shufwa na kubwa. Alizivisha mfuko wa plastiki na kuziacha mvua ya ndoo iziangukie, ndoo nikiishika mimi. Alizisoma jua la saa sita likiwa juu ya kioo. Alijaribu kubonyeza vitufe mikono ikiwa imepakwa mafuta ya injini, halafu ikiwa inatetemeka, akaniambia nimtikise. Nilimtikisa kwa bidii sana.

Jaribio kubwa lilikuwa la meza. Aliziweka zote mbili juu ya meza yetu ya kulia, karibu na dirisha, siku tatu, na kila saa aliandika namba kwenye daftari. Ikatokea kwamba meza inatembea. Saa mbili iko kwetu, saa tatu iko kwa jirani, saa nane iko sokoni kabisa, halafu inarudi. Alinieleza kwamba wenye setilaiti wanatia uongo kidogo kwa makusudi, urefu wa kiwanja cha mpira, ili maadui wasilenge vizuri. Hakukasirika. Alisema uongo wenye kipimo unaweza kuishi nao, unaufundisha macho yako tu. Mama alipita na sufuria, akauliza meza itakuwa imerudi saa ngapi, maana anataka kupakua.

Alitembea nazo mjini pia. Bandarini ofisa mmoja alimsimamisha, akidhani ni redio ya kuongea na ng'ambo. Piloti akampa ndogo aishike, akamsomea namba, akampeleka kidole kwenye ramani. Kwa mujibu wa setilaiti yule ofisa alikuwa amesimama ndani ya ziwa. Ofisa alitazama viatu vyake. Akasema aende tu.

Mimi nilikaa pembeni ya meza ile wiki tatu na kujifunza vitufe vyote bila kuambiwa. Kiwanja chetu Piloti alikiingiza kwa jina la NYUMBANI. Alikisimamia saa nzima juani na kuchukua namba mara nyingi apate za katikati. Siku ile ya mfuko wa mkate nilichukua ile ndogo, nikatafuta jina hilohilo. Choo cha hedimasta kiko kilomita nne kutoka kiwanjani. Nilichofikiria ni hivi tu: ndege ya shirika la madawa, imenyoosha pua, inakuja kwa heshima zote kwenye choo cha mtu aliyenichapa kwa sababu ya soksi. Baada ya masomo niliirudisha mezani. Piloti alikuwa amelala, siku hiyo hakuwa na safari. Nilikula, nikafanya hesabu, nikalala.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mashini kubwa. Siku iliyofuata ilikuwa ya ndogo.

Siku hiyo moshi ulikuwa mzito mpaka mwalimu aliandika ubaoni akikohoa. Piloti alikuwa anatoka Kaputa na mzee mmoja mwenye ngiri iliyokaza. Tulikuwa darasani, somo la jiografia, na ninaapa ni jiografia. Tukasikia injini. Ilipita juu yetu chini sana, bati likatetemeka. Rafiki yangu mmoja alinipiga kiwiko mbavuni. Tukacheka. Ikazunguka, ikarudi, ikapita tena chini zaidi, na darasa zima likakimbilia madirishani. Mimi sikuinuka. Nilikuwa najua inatafuta nini. Ikapita mara ya tatu, halafu ikaelekea ufukweni na sauti ikaisha.

Yaliyofuata niliyasikia kutoka kwa watu. Petroli ilikuwa imebaki kidogo, maana alikuwa ameipunguza kwa sababu ya uzito. Kwenda ziwani ajipange upya hakuthubutu, mpaka hauonekani. Akafuata ukingo wa maji, chini, mpaka akaona kile kitanda kirefu kilichopinda. Alijua kwamba mahali pa kuanika chisense mchanga umefagiliwa na kukanyagwa miaka mingi, ni mgumu kuliko mchanga wowote wa ufuko. Akatua pale. Juu ya chisense.

Mwenye kitanda, mama mmoja wa Kabuta ambaye mama yangu hununua kwake, alikuwa anageuza samaki na binti zake. Mabinti walikimbia. Yeye alikuwa na samaki wa wiki nzima chini pale, akaanza kuwazoa kwenye turubai. Bawa halikumgusa. Alijirusha mwenyewe dakika ya mwisho na kuangukia mtumbwi uliopinduliwa, mkono wa kulia ukavunjika mara mbili. Mzee wa ngiri alifikishwa hospitali kwenye gari la samaki, pamoja na yule mama, na akapona. Mpaka leo anasimulia safari yake yote na ndege haimo, kuna gari la samaki tu. Ndege iliharibika gurudumu la mbele na propela.

Niliposikia sikuhisi kitu. Nilingoja nihisi. Nilikwenda kuchota maji, nikajaza ndoo zote, hata zile zisizohitajika. Piloti alirudi nyumbani kwa miguu, mto kwapani, magamba ya chisense mpaka kwenye nyusi. Mama alimwekea maji ya kuoga. Alikula kidogo, kuanzia mkiani, akalala.

Mtu wa ofisi alikuja, akapima alama za matairi, akauliza maswali akiwa amekaa kwenye kiti changu. Nilikuwa mlangoni. Piloti alijibu kwamba ile pointi ya NYUMBANI ilikuwa na namba mbaya na kwamba kosa ni lake. Yule mtu akauliza kama huwa anasahau vitu siku hizi. Piloti akafikiri. Akasema pengine.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefungua mdomo. Mimi nilikuwa na mdomo mkubwa kuliko wote Nchelenge na ulikaa umefungwa. Barua ilikaa mezani siku mbili kabla haijatumwa, na niliisoma. Alichagua ile kubwa. Aliandika kwamba ndogo ni imara zaidi na betri zake ni za kupatikana, lakini kubwa ina ramani, na rubani atakayekuja anahitaji kitu cha kulinganisha na kile anachokiona. Chini yake aliandika kwamba rubani huyo hatakuwa yeye.

Wiki tatu zilipita hivyo. Niliacha kuchekesha na hakuna aliyeniuliza, walidhani ni mitihani. Piloti alinunua mifuko ya unga na kuisukuma kwa baiskeli mpaka Kabuta, mara tatu. Yule mama alimpokea vizuri. Alisema sokoni kwamba ni Mungu aliyeisukuma ndege, na asingekuwa Piloti mzee wa watu angekufa. Nilikutana naye anapouza kile kidogo ambacho mabinti zake walikuwa wamekianika. Mkono ulikuwa ndani ya plasta, vidole vimetoka vyeusi. Alinisalimia kwa mkono wa kushoto.

“Mutoto ya kwa Piloti,” akasema, “umusalimie sana. Umuambie asibebe tena unga, atavunjika mugongo, halafu tutakuwa bawili.”

Nikasema nitamwambia. Nilimwambia kweli, neno kwa neno, na Piloti akacheka, na mimi nikatazama chakula.

Aliondoka Jumamosi asubuhi, kwa lori la kwenda Mansa. Nilimbebea sanduku mpaka barabarani. Yeye alisukuma baiskeli aliyokuwa ameamua kumwachia mama. Moshi ulikuwa umepungua, na baiskeli za samaki zilitupita moja moja, vikapu vikubwa kuliko waendeshaji, kila mmoja akipiga kengele kumuaga. Nilikuwa nimejipangia kusema kwenye kona ya kanisa. Kona ikapita. Nikajipangia kwenye kisima. Kikapita. Mwishowe nilisema pasipo na kitu chochote, pale barabara ilipo barabara tu.

“Ba Piloti, ile pointi ya NYUMBANI, ni miye nilibadilisha.”

Hakusimama. “Najua,” akasema.

Nikamuuliza alijuaje. Akaeleza kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Kesho yake baada ya ajali aliiwasha mashini ndogo na kuufuata mshale kwa miguu, kupita sokoni, kupita kanisa, kupita uwanja wa mpira, mpaka mlango wa choo cha hedimasta. Akagonga. Hedimasta alikuwa ndani. Wakasalimiana kupitia mlango.

“Setilaiti inaweza kukosea,” akasema, “lakini haina mucheko. Mwenye mucheko ya vile hapa ni mumoja, na analala chumba cha pili.”

“Juu ya nini haukuambia ofisi?”

“Ofisi iliuliza nani alikuwa anaendesha ndege.”

Nikaanza kuongea haraka. Nilimwambia basi si uzee, kichwa chake ni kizima, hasahau chochote, arudi, aandike barua nyingine, mimi nitaandika pia, nitakwenda Copperbelt mwenyewe nikasimame mbele yao. Nilikuwa nimeliweka sanduku chini bila kujua. Yeye akaiegemeza baiskeli kwenye sanduku, akaikagua kama itasimama.

“Sikiliza, Chanda. Paa ya shule yenu, ile mabati ya bluu, niko naipita miaka sita. Ile siku niliiona. Chini ya bawa, na macho yangu, mara tatu. Nilijua ni shule. Na mshale ilikuwa inasema nyumbani. Unajua nilisema nini? Nilisema paa njo imepotea, si mshale.”

Niliishika baiskeli isianguke.

“Pointi ilikuwa ya kwako,” akasema. “Macho yalikuwa ya kwangu. Mutu mwenye anaona shule na anaamini ni kiwanja, asibebe tena batu.”

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Nilimuuliza kama anaona nilimharibia maisha, akasema ameishi vizuri, na kwamba soksi kweli si sababu ya kumchapa mtoto. Halafu lori likaja. Alipanda mbele, dereva akampokea mto na kuuliza ni wa nini, na sikusikia jibu kwa sababu ya injini. Alinipungia mkono mara moja. Nilibaki nimesimama mpaka vumbi likatulia juu ya shati langu, na ndani yangu pakawa kama lile ziwa la miezi ya moshi, peupe tu, sioni juu wala chini.

Nilisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba anageuza samaki. Nilimwambia yote, kuanzia mfuko wa mkate mpaka lori, nikiwa nimesimama, nimeshika usukani. Hakuniangalia. Aliuliza jambo moja tu, kama Piloti amekula kabla ya kuondoka. Nikasema amekula. Nikasema pia kwamba nimemwambia, kwa mdomo wangu mwenyewe, na kwamba hakukasirika, na labda nilikuwa nangoja aseme nimefanya vizuri. Aligeuza samaki wa safu nzima. Akafuta mikono kwenye kitenge.

“Ba Piloti ulimuambia sababu alikuwa anaenda,” mama akasema. “Mama wa Kabuta haendi pahali. Vaa viatu.”